Sura ya Saba: Pikipiki ya Mzee

Chuma hakiozi upesi Garissa. Pikipiki iliyoachwa uani Lamu au Mombasa huliwa na chumvi ya bahari hata fremu ikatoboka, lakini huku mvua ni haba na hewa ni kavu, na nati iliyokazwa miaka thelathini iliyopita bado hukubali spana. Kinachokufa ni kila kilicho laini: mpira, plastiki, sponji, ngozi ya kiti, ganda la waya. Jua hukausha, vumbi husaga. Ndiyo maana pikipiki kuukuu ya huku humdanganya mgeni. Mtu wa pwani akiikuta imeegemezwa ukutani Bulla Iftin, rangi imepauka lakini vyuma vyote vipo, atasema hii ni ya kutia petroli na kupiga kiki. Fundi wa mjini hapa atachuchumaa, abonyeze kwa kidole gumba ule mpira unaounganisha kabureta na injini, ausikie ukipasuka, kisha amgeukie mwenyewe: "Abti, hii tunafungua yote."

Ya nyumbani kwetu ilikuwa hivyo. Ni Yamaha AG100 ambayo marehemu baba aliitumia kazini, kisha akainunua mwenyewe serikali ilipoipiga mnada pamoja na mali nyingine chakavu. Alipostaafu aliendelea kuipanda kwenda sokoni na msikitini mpaka magoti yalipokataa. Ikawekwa chini ya mwarobaini na kufunikwa turubai. Turubai likachanika, ikabaki na jua.

Sura hii ni ya mtu aliye na pikipiki kama hiyo nyumbani na anayetaka kuirudisha barabarani. Nitaeleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, lakini hatua zote zinafuata kanuni moja. Kinachozunguka, kinachobana na kinachosimamisha, kifanye kipya bila kukionea huruma. Kinachosimulia, kiache. Ukikosea upande wa kwanza pikipiki itakuumiza. Ukikosea upande wa pili utakuwa na pikipiki nzuri ambayo si ya mzee tena.

Ilikuja kufanya kazi

Yamaha waliiunda AG100 katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wafugaji wa Australia na New Zealand. Injini yake ni ndogo, cc 97, ya mapigo mawili, ile ambayo mafundi huiita tustroki. Cheni imefungiwa ndani ya kasha la bati ili mchanga usiifikie. Ina keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga taa na injini dhidi ya vichaka, breki za dramu magurudumu yote mawili, na stendi ya pembeni kushoto na kulia, ili mtu aliyeshuka katikati ya mifugo aiegemeze upande wowote ule. Haina mbio. Iliundwa ipite kwenye mchanga, kwenye mawe na katikati ya kondoo, jioni imrudishe mwenyewe nyumbani. Kilichomfaa mchungaji wa Australia kilimfaa pia mtu wa mifugo wa Kaskazini Mashariki, na idara za serikali na mashirika ya misaada sehemu nyingi za Afrika yaliichukua kwa sababu hiyohiyo.

Baba alihamishiwa Garissa kutoka pwani akiwa msaidizi wa mifugo, na adui mkubwa wa kizazi chake alikuwa sotoka. Ugonjwa huo uliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, na katika miaka ya 1890 ukafagia mifugo ya Afrika Mashariki na Kusini. Inakadiriwa kuwa ng'ombe 80 hadi 90 kati ya kila 100 walikufa. Watu waliowategemea ng'ombe hao wakafa kwa njaa nyuma yao. Chanjo iliyokuja kuushinda ilizaliwa Kenya hii hii: Walter Plowright na wenzake waliitengeneza Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na mwaka 1999 akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi hiyo.

Lakini chanjo ile ilitaka barafu, na Garissa jua la mchana hupita nyuzi 35 siku nyingi za mwaka. Lami iliishia mjini. Kutoka hapo kwenda Dadaab, takriban kilomita 100, au kwenda Modogashe, Bura au Hulugho, palikuwa na mchanga, na mvua ikinyesha ule mchanga hugeuka tope jeusi linaloganda kwenye magurudumu. Barafu ya kisanduku cha chanjo ilianza kuyeyuka saa ileile pikipiki ilipotoka lango la ofisi. Asiyefika kwenye mifugo mapema alifika na maji ya uvuguvugu yasiyokinga kitu. Karibu na mwaka 1990 ndipo Jeffrey Mariner, daktari wa mifugo kutoka Marekani, alipofanikisha namna mpya ya kuikausha chanjo hiyo, ikaweza kukaa takriban mwezi mzima nje ya jokofu. Kutoka hapo wafugaji wenyewe waliofunzwa wakaweza kuibeba hadi malisho ambayo gari halikufika.

Eneo hili letu, pamoja na kusini mwa Somalia, ndilo lililokuwa maficho ya mwisho ya sotoka. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuthibitishwa popote duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru. Mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa huru. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili tu ambao binadamu ameutokomeza kabisa.

Sasa tazama keria ya nyuma ya AG100 yetu. Kwenye vyuma viwili vya katikati rangi imeisha, na chuma kimelika kidogo, kikawa laini na chenye kung'aa, pale mikanda ya kisanduku ilipokuwa ikisugua safari baada ya safari. Hakuna rekodi nyingine ya kazi ile nyumbani kwetu. Baba hakupiga picha akiwa kazini, na ripoti zake zilibaki ofisini. Fundi wa rangi akiipata keria hiyo mkononi ataifuta historia yote kwa dakika chache, tena kwa nia njema.

Karatasi kabla ya spana

Kuwa na ufunguo hakukufanyi mwenye pikipiki. Mali ya marehemu ni mali ya urithi, na kabla hujanunua hata plagi, wakalishe warithi. Wengi wamemaliza fedha zao kuitengeneza pikipiki ya baba, ikaanza kunguruma, ndipo ndugu akajitokeza kuidai. Kwa familia za Kiislamu mahali pa kumalizia jambo hilo ni Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010, katika Ibara ya 170, inaipa mamlaka juu ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa nayo. Mji wa Garissa una Kadhi wake, huna haja ya kusafiri. Kwa wasio Waislamu, utaratibu ni wa mahakama za kawaida. Kwa vyovyote, mpate kwanza kauli moja iliyoandikwa.

Sisi tulikaa sebuleni, mama akiwepo. Kaka mkubwa alipendekeza iuzwe chuma chakavu tugawane, kwa kuwa bei yake yote isingetosha hata kununua mbuzi wa maana. Dada alitaka ioshwe, ipakwe rangi na kuwekwa barazani iwe ukumbusho. Mama alitusikiliza wote, akasema: "Wanangu, baba yenu hakuiweka hii iwe pambo. Mkiitengeneza, itembee." Kwa neno lile shauri likaisha, na kazi yote iliyofuata ikapimwa kwa neno hilo: je, hiki kinaisaidia kutembea?

Kisha namba. Pikipiki za serikali hubeba herufi GK, na zikiuzwa hupewa namba ya raia. Namba za zamani ni za herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi ya mwisho. Za pikipiki siku hizi huanza na KM. Tafuta kitabu cha usajili, ulinganishe namba iliyoandikwa humo na ile iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Sehemu hiyo isafishwe kwa kitambaa chenye mafuta ya taa tu. Usiipitishie msasa wala mashine ya kusaga, maana namba ya chasisi ikififia utakuwa na pikipiki isiyoweza kuthibitishwa ni ya nani. Katika barabara za huku, zenye vizuizi vya polisi na ukaguzi usiokwisha, hutafika mbali nayo. Kubadilisha jina la mwenye mali ni kazi ya mamlaka ya usafiri, NTSA, na huanza na hati ya mirathi. Bima nayo ikatwe kabla ya kuijaribu barabarani.

Kufungua

Piga picha kwa simu kabla ya kulegeza chochote: njia ya kila kebo, mahali pa kila waya, upande ambao kila boshi imekaa. Fungua sehemu moja kwa wakati, na nati za sehemu hiyo uzitie kwenye kopo lake lenye jina. Vumbi la huku limejaa ndani ya kila ufa, kwa hiyo osha injini kwa nje mpaka iwe safi kabisa kabla ya kuifungua. Mchanga unaoangukia ndani siku ya kufungua hufanya uharibifu mkubwa kuliko miaka yote ya kukaa.

Skrubu za Kijapani za pembeni mwa injini zina kichwa cha msalaba na ni laini. Bisibisi ya kawaida huzitafuna vichwa. Tafuta ile bisibisi ya kupigwa nyundo, ambayo kila pigo huisukuma chini na kuizungusha kwa pamoja. Zilizoganda zitie dizeli jioni, uzirudie asubuhi.

Kuna vitu ambavyo havijadiliwi. Tairi zilizopasuka ubavuni zitupwe hata kama kashata bado ni ndefu. Tyubu, viatu vya breki, kebo zote, mipira ya petroli, beringi za magurudumu: vipya. Spoku ziguswe moja moja kwa spana ndogo. Iliyolegea hulia mlio mzito tofauti na wenzake. Miiba ya migunga na ya mathenge hupenya tairi jembamba, kwa hiyo nunua tairi lenye ngozi nene hata likiwa zito.

Injini ya mapigo mawili

Hapa ndipo wengi huua pikipiki waliyotaka kuiokoa. Injini ya mapigo mawili haina oili chini kwenye kranki kama injini ya boda boda ya leo. Hulainishwa na oili inayoingia pamoja na petroli, na petroli hiyo hupita kwanza chini, kwenye chumba cha kranki, ndipo ipande juu ya pistoni. Chumba hicho ni lazima kisivuje. Kimezibwa pande zote mbili na sili za mpira, na mpira ndio hasa jua la Garissa linaoupenda.

Sili zikikauka, injini huvuta hewa ya ziada. Mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo mno, na pamoja na petroli oili nayo inapungua. Pikipiki huwaka vizuri, tena huonekana ina nguvu, kisha baada ya kilomita chache pistoni inapata moto na kung'ang'ania ndani ya silinda. Gurudumu la nyuma hukwama ghafla. Sili ya upande wa klachi ikifa, injini hunyonya oili ya giaboksi na kutoa moshi mzito usiokwisha.

Jaribio lake ni rahisi. Ziba mlango wa eksozi na mlango wa kabureta kwa vipande vya mpira vilivyobanwa vizuri, ingiza hewa kidogo kwa pampu ya baiskeli kupitia mpira mmoja uliotobolewa, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio yote. Povu litaonyesha lilipo tundu. Sisi tulipopaka upande wa magneto, viputo vilianza kupanda pole pole, kimoja baada ya kingine, mahali ambapo kwa macho palionekana pazima kabisa. Sili yenyewe ilipotolewa ilikuwa ngumu, na ulimi wake ulikatika kwa kubinywa. Kitu cha bei ndogo kiasi hicho kingeimaliza injini nzima.

Baada ya sili, pima kranki. Shika konrodi kwa mkono, uivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, beringi yake imekwisha na kranki ni lazima ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kuitenganisha. Kucheza kidogo kushoto na kulia hakuna neno.

Kisha silinda. Ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 52, na pistoni za saizi kubwa huongezeka kwa robo robo ya milimita. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ikachongwe ili ilingane na pistoni uliyoishika mkononi. Fundi wa kuchonga akimaliza, pitisha kidole kwenye madirisha ya silinda. Kingo zake zikiwa kali, ringi zitanasa na kuvunjika, kwa hiyo zitulizwe kwa tupa ndogo na msasa laini. Mshale ulio juu ya pistoni utazame eksozi, na ncha za kila ringi zikae kwenye kipini chake. Mambo hayo mawili ni madogo sana, na ndiyo yanayorudisha injini mezani.

Pampu ya oili nayo isiaminiwe mpaka ithibitishwe. Ikikaa miaka mingi mpira wake hujaa hewa, na hewa hailainishi kitu. Itoe hewa yote kupitia skrubu yake mpaka oili itoke bila viputo. Hata hivyo tangi la kwanza la petroli lichanganye na oili ya tustroki, mililita 20 hadi 25 kwa kila lita, mpaka uone kwa macho kwamba oili kwenye tangi lake inapungua.

Spea

Mwenye Honda CG125 ya zamani ana bahati. Honda waliitoa mwaka 1976 wakiwa wamezifikiria nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na haionekani mara kwa mara na fundi. Waliunda injini ya vijiti vya kusukuma valvu, isiyotaka marekebisho mengi. Viwanda vya China vilipoanza kutoa pikipiki za bei nafuu vilifuata mpango wa injini hiyo, na boda boda zilipoenea Kenya mwishoni mwa miaka ya 2000, spea zake zikajaa kila mji. Leo ukiingia soko la Suuq Mugdi na pistoni ya CG mkononi, utajibiwa kabla hujamaliza swali.

Mwenye tustroki hana starehe hiyo. Boda boda zimehamia mapigo manne, na vijana wengi wa gereji hawajawahi kufungua injini isiyo na valvu. Fundi wa kumtafuta ni mzee, aliyefanya kazi gereji za serikali au za miradi enzi zile. Msalimie, kaa, kunywa naye chai ya maziwa, na umwache aitazame pikipiki kwanza. Ukimwita adeer, yaani ami, na kumwuliza alizijulia wapi AG, utapata elimu ambayo haimo katika kitabu chochote cha kiwandani.

Spea zenyewe hutafutwa Nairobi, Barabara ya Kirinyaga na vichochoro vya Grogan, na hupanda basi la usiku au la alfajiri kuja Garissa kama kifurushi. Usiagize kwa maneno matupu. Tuma picha ya spea ya zamani ikiwa kando ya rula, na namba zilizochongwa juu yake. Sili na beringi huwa na vipimo vitatu usoni: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene. Duka lolote la beringi linaweza kukuuzia kwa vipimo hivyo hata kama halijawahi kusikia jina la pikipiki yako.

Sponji ya filta ya hewa ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu ya zamani hubomoka ukiigusa na mpya ni adimu. Mafundi hukata ya godoro. Kabla ya kufanya hivyo, tumbukiza kipande ndani ya petroli usiku kucha. Kikivimba au kuyeyuka, kingekuja kuingia ndani ya injini. Tafuta sponji ambayo hewa hupita ukiipuliza, iliyovumilia petroli, kisha iloweshe oili na kuikamua. Sponji kavu haizuii vumbi la huku.

Kabureta na mwinuko

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Garissa iko karibu mita 150 tu. Hewa ya juu ni nyepesi, ya chini ni nzito, na hata joto la Garissa halifuti tofauti yote. Kabureta iliyorekebishwa Nairobi ikapendeza, ikishuka huku hupokea hewa nyingi zaidi kwa petroli ileile. Kwa tustroki hilo ni jambo la hatari, kwa sababu hiyohiyo niliyoieleza kwenye sili: petroli pungufu, oili pungufu, moto mwingi.

Kwa hiyo marekebisho ya mwisho yafanyike hapa, mchana, kwenye joto lenyewe. Safisha kwanza kila tundu la jeti; petroli iliyokaukia humo huacha gundi ya njano ambayo huyeyushwa kwa dawa ya kabureta, na haifai kuchokonolewa kwa waya. Endesha kwa mwendo wa kawaida, zima injini bila kuiacha ingurume bure, itoe plagi uisome. Rangi ya kahawia ni salama. Nyeupe ina maana petroli haitoshi: tia jeti kubwa zaidi. Nyeusi yenye unyevu ni petroli nyingi, ambayo itakutia gharama na moshi bila kuua injini. Ukiwa huna hakika, kosea upande huo.

Tangi na rangi

Mwili wote hukauka, lakini ndani ya tangi kutu huingia, kwa kuwa usiku hewa iliyomo hupoa na kuacha unyevu. Tia nati na kokoto safi pamoja na maji ya sabuni, tikisa mpaka mikono ichoke, mwaga, rudia. Kisha jaza siki, iache siku nzima, na suuza kwa maji yaliyotiwa magadi ili kuua ukali wake. Kausha juani papo hapo na uzungushe oili kidogo ndani. Tangi lililotoboka lisichomelewe kwa namna yoyote likiwa na mvuke wa petroli; mvuke huo hulipuka na umeshaua mafundi.

Kwa nje tulikusudia kulipiga tangi rangi mpya. Lilikuwa na rangi nyekundu iliyopauka, aliyoipaka baba mwenyewe kwa brashi baada ya mnada. Tulianza ubavu wa kushoto kwa msasa wa maji, taratibu. Nyekundu ikatoka na maji kama ukungu, na chini yake ikaanza kuonekana rangi nyingine, na juu ya hiyo, kingo za herufi nyeupe zilizopigwa kwa kiolezo: G, kisha K, na tarakimu zilizokatika nusu. Tukaweka msasa chini.

Historia ya Kaskazini Mashariki ikiandikwa huandikwa kwa miaka ya maafa. Hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 na isiyoondolewa mpaka 1991. Mauaji ya Bulla Kartasi, 1980. Mauaji ya Wagalla, 1984. Shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliouawa. Miaka hiyo ni lazima ikumbukwe, na waliokufa wana haki ya kutajwa. Lakini katika miaka ileile kulikuwa na watu waliotoka alfajiri na kisanduku cha barafu mgongoni mwa pikipiki kwenda kuchanja ng'ombe wa watu wasiowafahamu, na wafugaji waliowakusanya ng'ombe wao na kuwangojea, pande zote mbili zikiwa na sababu za kutoaminiana. Sotoka imekwisha kwa sababu ya watu hao wote. Kazi yao haina mnara, na vifaa vyao vimeuzwa mnadani na kuyeyushwa. Herufi mbili na tarakimu zilizokatika nusu kwenye ubavu wa tangi ni ushahidi, na mwenye kuzikuta hana haki ya kuzisugua.

Tuliacha ubavu ule kama tulivyoukuta, tukaupaka vanishi safi isiyo na rangi. Upande wa kulia ukabaki na nyekundu ya baba, alama za brashi zikiwamo. Keria haikuguswa. Kiti kilishonwa upya na fundi wa turubai, kwa sababu kiti kilichopasuka hakisimulii kitu, kinaumiza tu.

Itembee

Anza na safari fupi, kisha uiache injini ipoe kabisa. Pistoni mpya hukaa mahali pake kwa kupata joto na kupoa mara nyingi, bila kubanwa mwendo. Safari zetu za mwanzo zilikuwa kwenda darajani na kurudi, kisha kuvuka Tana mpaka Madogo. Kaza tena nati za hedi baada ya safari hizo, kagua mvutano wa cheni ndani ya kasha lake, na usome plagi.

Weka daftari. Upande mmoja andika kila kilichobadilishwa, lini, na kipimo cha spea iliyotumika: pistoni ya saizi gani, sili za vipimo gani, jeti ya namba gani. Upande wa pili andika kilichoachwa na sababu yake. Bila ukurasa huo, siku moja mjukuu mwenye bidii ataiona keria iliyochubuka na kuipaka rangi akidhani anaitendea wema. Vipande vya zamani vilivyotolewa vitie kwenye sanduku, pamoja na daftari.

Baada ya hayo, iendeshe. Hili silisemi kwa sababu ya mama pekee. Sili za tustroki hubaki laini kwa kupitiwa na oili, na kabureta hubaki wazi kwa kupitiwa na petroli. Pikipiki ya namna hii ikikaa barazani mwaka mmoja, inarudi ilikotoka. Kwetu tumepanga zamu. Kila mrithi ana wiki yake ya kuiendesha sokoni au kwa jamaa, na anayemaliza zamu huandika daftarini alichokisikia na alichokikaza. Hata kaka aliyetaka iuzwe ana zamu yake, na mwandiko wake ndio mrefu kuliko wa wote.